Nani Hayupo Leo?

Kwaya yetu ilikuwa na daftari kubwa lililovikwa jalada la kalenda ya zamani. Ndani yake hamkuwa na wimbo hata mmoja. Mlikuwa na majina yetu, na mbele ya kila jina alama za vyema na mikato za Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Kabla mwalimu hajatoa ufunguo, katibu alisimama na kuita. Jina lisipoitikiwa, aliwageukia wanaokaa mtaa mmoja na mwenye jina: "Nani amemwona?" Mazoezi hayakuanza mpaka swali hilo lipate jibu. Ana homa. Amekwenda Mbeya kufuata mzigo. Amefiwa na shangazi kule Kamsamba. Jibu likiwa "hatujui", watu wawili walipangwa kupita kwake jioni hiyohiyo wakitoka mazoezini.

Wazazi huniuliza kwa nini mtoto apoteze jioni zake kwa kuimba wakati mitihani inamngoja. Jibu langu huanzia kwenye daftari lile, na halieleweki mpaka uujue mji wenyewe.

Tunduma ni mji wa kupita. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam inafika hapa kwenye mpaka, kisha inaingia Nakonde, upande wa Zambia, na kuendelea Lusaka na kwenye migodi ya shaba. Malori yaendayo Zambia na Kongo hupanga foleni ambayo siku mbaya hurudi nyuma hadi eneo la Mpemba. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inapita hapahapa katika safari yake ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Sensa ya 2012 ilikuta hapa watu wanaokaribia laki moja. Ile ya 2022 ikakuta zaidi ya laki mbili. Wengi hawakuzaliwa hapa, wamekuja. Wanyiha wametoka Mbozi, Wandali wametoka Ileje, Wakinga wamekuja na maduka yao, Wanyakyusa, Wasafwa, Wachaga, Wabemba. Wanyamwanga ndio wenyeji, na mpaka wenyewe umepita katikati ya ukoo wao. Katika mji wa namna hii swali la kwanza unaloulizwa ni umetokea wapi, na la pili ni unaondoka lini. Mtu anaweza kuugua ndani ya chumba cha kupanga mtaa wa Majengo au Sogea, na mwenye nyumba akaja kugundua siku ya kodi.

Sisi tulitoka Ileje mwanzoni mwa miaka ya 1990, mama akifuata biashara ya maharage. Nilikuwa shule ya msingi, na Kiswahili changu kilikuwa kile cha kujibu maswali ya mwalimu. Sikuwa na Kiswahili cha kuchezea wala cha kugombania. Nyumbani tulisema Kindali. Nilipelekwa kwenye kwaya ya watoto kwa sababu moja tu: mama alirudi kutoka sokoni usiku, na hakutaka nizurure barabarani kwenye malori. Kwaya ilinilea jioni. Hilo tu lingetosha kuitetea, lakini kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko ulinzi.

Mwalimu wetu alikuwa mzee aliyefanya kazi ya reli, na muziki aliufunzwa na Wamoraviani. Wamisionari hao walifika Rungwe mwaka 1891, na baada ya miaka michache wakaingia Unyiha, huko Mbozi. Walikuja na mambo mawili ambayo bado yanasikika katika nyanda hizi: matarumbeta, ambayo alfajiri ya Pasaka huwaamsha watu kwenda makaburini kabla jua halijachomoza, na kuimba kwa sauti nne. Nota zenyewe tulizisoma kwa solfa, zile herufi za d, r, m ambazo mchungaji wa Kiingereza John Curwen alizieneza katika karne ya 19 ili watu wasio na kinanda wala ada ya chuo waweze kusoma muziki. Nimeona watu walioacha shule darasa la nne wakisoma ukurasa wa solfa bila kukwama.

Mwalimu alikuwa na zoezi moja tulilolichukia. Tukishaufahamu wimbo, alitubadilisha. Sauti ya kwanza waimbe ya tatu, sisi wa sauti ya pili tuimbe besi kwa kadiri koo zetu zilivyoweza kushuka. Kisha alitukalisha sauti mbalimbali benchi moja, ili kila mtu awe na jirani anayeimba kitu tofauti na chake.

"Binti," aliniambia siku moja, "sauti ya tatu wamesema nini pale?"

"Sikuwasikia, mwalimu. Nilikuwa naimba."

"Basi hujaimba. Ukiisikia sauti yako peke yake, umezidisha nguvu. Usipoisikia kabisa, umemezwa. Tafuta pale unapojisikia mwenyewe na jirani yako pia."

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba maneno yale yalivuka mipaka ya muziki. Kushika sauti yako wakati mwenzako pembeni anaimba tofauti, kwa nguvu, na yuko sahihi, ni jambo gumu sana kwa mtoto. Akili inavutwa kumfuata au kumfunika. Kuna mtoto anayemezwa na kuna mtoto anayemeza wenzake, na wote wawili huonekana mazoezini ndani ya wiki ya kwanza. Darasani hawaonekani hivyo, maana darasani kila mmoja anajibu swali lake na kupewa alama zake. Kwenye kwaya mtoto mpole akikosekana, wimbo unapwaya na wote wanasikia. Mimi nilikuwa yule wa kumezwa. Siku niliyosikia kwamba mahali fulani katika wimbo sauti ya pili ndiyo inayobeba neno huku wengine wakiliitikia, niliacha kuona aibu ya lafudhi yangu. Hakuna aliyenihubiria kujiamini. Nilijiamini kwa sababu nilikuwa na kazi iliyohitaji mtu, na mtu huyo alikuwa mimi.

Watafiti wameligusa jambo hili kwa njia zao. Mwaka 2010 Sebastian Kirschner na Michael Tomasello walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Ujerumani na watoto wa miaka minne, wawili wawili. Baadhi yao walicheza mchezo kwa kuimba na kupiga ala pamoja, wengine wakacheza mchezo uleule bila muziki. Baadaye mtoto mmoja alimwagikiwa na gololi zake, na watafiti wakaangalia kama mwenzake atamsaidia kuokota. Waliotoka kwenye muziki walisaidia zaidi. Mtu wa Tunduma hashangai: sisi tulikimbia mchakamchaka alfajiri tukiimba, na yule aliyeanguka aliinuliwa kabla kiitikio hakijarudi.

Utafiti wa pili ndio ninaoupenda, kwa sababu haukuupaka muziki mafuta. Uingereza, mwaka 2015, Eiluned Pearce na wenzake, akiwemo Robin Dunbar, walitoa matokeo ya kufuatilia madarasa mapya ya watu wazima kwa miezi saba. Baadhi walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono au uandishi. Mwishoni wote walikuwa wamekaribiana kwa kiasi kilekile. Tofauti ilikuwa mwanzoni: waimbaji walizoeana upesi zaidi. Kwa mji uliotulia, huenda hilo ni jambo dogo. Kwa mji ambao dereva anakaa wiki mbili akingoja kibali, mfanyabiashara anapanga chumba msimu mmoja wa mahindi, na mtoto anahamishwa shule katikati ya mwaka, huo upesi ndio wenye thamani. Kwetu miezi saba ni muda mrefu. Wengi wanakuwa wameshaondoka.

Wala si kanisa lililoanzisha kuunganisha watu kwa muziki. Kabla ya kwaya za sauti nne watu wa pande hizi walikuwa na ngoma za mavuno, za harusi na za misiba, na hakuna aliyezicheza peke yake. Kisha ikaja beni, iliyozaliwa pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kusambaa bara pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ikafika Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka mwaka 1975. Watu huikumbuka beni kwa sare zake za kijeshi na vyeo vyake vya kingi na jenerali. Kilichonigusa mimi ni kwamba vyama vile vilichangia mgonjwa na kumzika mwanachama aliyefia mbali na kwao. Vijana waliotupwa na vita na kazi ya mkataba katika miji wasiyoijua walianza kwa kucheza pamoja, na kutokana na mchezo huo wakapata watu wa kuwazika.

Ndivyo ilivyo kwaya hadi leo. Gregory Barz, Mmarekani aliyezifuatilia kwaya za Kilutheri za Dar es Salaam, alieleza katika kitabu chake cha 2003 jinsi kila kwaya ilivyo jumuiya yenye uongozi na wajibu wake, na mwimbaji yeyote wa mkoa wetu wa Songwe angemwambia hivyo hivyo. Tulikuwa na mwenyekiti, katibu, mhazini, mlezi, mtunza sare. Tulikuwa na faini ya kuchelewa na mfuko wa maafa. Nikiwa kidato cha pili nilichaguliwa mhazini msaidizi, nikajifunza kuandika mapato na matumizi mbele ya watu wazima ambao wangeniuliza shilingi mia imekwenda wapi. Wanawake wengi ninaowafahamu sokoni, wanaoshika vitabu vya vikoba vyao bila makosa, walianzia kwenye daftari la kwaya. Hapo ndipo walipojifunza kumwambia mtu mzima, kwa heshima na bila kutetemeka, "Baba, bado hujalipa."

Msiba ulipotokea, hatukusubiri kuulizwa. Sauti ya nne walichimba kaburi, sisi tulishika maji na kuni. Na katika mji ambao maji ya bomba hukatika siku nyingi, kushika maji ya msiba si jambo dogo: ni kuamka usiku wa manane na kupanga ndoo foleni. Namkumbuka dereva mmoja kutoka kusini mwa Zambia aliyekuwa akiimba nasi kila gari lake lilipokwama mpakani. Alifiwa na mkewe akiwa hapa. Hakuwa na ndugu hata mmoja Tunduma. Tulikaa naye siku mbili, tukamchangia nauli, na kijana mmoja wa sauti yake akamsindikiza hadi kwao. Kwenye daftari letu alikuwa na vyema vichache kuliko mwanakwaya mwingine yeyote.

Sitaki kueleza kwaya kama kwamba ni pepo. Kundi linaloweza kumkumbatia mtu linaweza pia kumtupa. Dada mmoja wa sauti ya pili, aliyenifundisha nusu ya nyimbo ninazozijua, alipata mimba kabla ya ndoa, na wazee wakamtoa kwenye kwaya. Sare yake ikadaiwa. Jioni iliyofuata katibu aliita majina na kuliruka la kwake, na kimya kilichopita pale kilituumiza sote, lakini hakuna aliyesimama kusema. Tulichofanya ni kile tulichozoea kufanya: tulikwenda kwake wawili wawili, tukamchotea maji, tukakaa. Tulimwimbia sauti ya pili peke yake, bila zile tatu, na yeye akaitikia. Alipojifungua tulikuwepo. Bado naamini adhabu ile ilikuwa mbaya, na kwamba jumuiya inayojenga watu haiwezi kumwondoa mtu saa anayoihitaji zaidi. Lakini naona pia kwamba wasichana wa miaka kumi na sita walijua la kufanya bila kuelekezwa na mkubwa yeyote, na walilijua kwa sababu walikuwa wameshalifanya kwa wengine mara nyingi.

Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kwa sababu ya korona, nilipata kuona upande mwingine wa zoezi la yule mzee. Wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa kwaya mwenyewe. Baadhi ya waimbaji wetu wanalala Nakonde na kufanya biashara Tunduma. Kwao ni kuvuka barabara tu. Hata malori yaliporuhusiwa tena, wengine waliogopa kuvuka. Tukawatumia sauti zao kwa WhatsApp, kila mtu na yake. Walijifunza vizuri mno. Waliporudi, kila mmoja aliijua sauti yake kuliko ilivyowahi kujulikana, na wimbo ukavunjika ubeti wa kwanza. Kila mtu alikuwa anaimba na simu iliyo kichwani mwake. Hawakupumua pamoja, hawakungojana, hakuna aliyemwachia mwenzake nafasi. Tulirudi kwenye mabenchi ya kuchanganya sauti kama watoto, na ilituchukua wiki kadhaa kusikilizana tena.

Ndiyo maana nina mashaka na kwaya za siku hizi zinazokimbilia studio. Nawaelewa: video inavuma, inaleta mialiko, inaleta fedha za sare. Ila studio humwita mwimbaji mmoja mmoja, fundi anarekebisha makosa kwa kompyuta, na sauti za wanne wenye vipaji zinarudufiwa zikawa kama za arobaini. Wale wengine thelathini na sita hucheza mbele ya kamera. Wimbo unatoka mzuri, lakini hakuna mtu aliyehitajika. Kama lengo ni kumkuza mtoto, napendelea kwaya inayokosea mbele ya watu wake kila Jumapili na ambayo mtoto wake wa mwisho anajua kwamba akikosekana sauti ya tatu itayumba. Mtaala mpya wa shule za msingi umeweka somo la Sanaa na Michezo, na nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Nawaomba walimu wenzangu wasiligeuze kuwa somo la kunakili ubaoni aina za ala za muziki. Ngoma mbili, makopo, na watoto arobaini wanatosha kuanza kesho.

Kuna jambo moja ambalo kwaya zetu hazijaliweza, na linaniuma. Mwaka 2013 mvutano wa nani achinje nyama ya kuuzwa mabuchani, uliokuwa umeshawaka Kanda ya Ziwa, ulifika Tunduma. Kulikuwa na vurugu na mabomu ya machozi katika mji ambao Wakristo na Waislamu wanapanga nyumba moja na kuuza meza moja. Wakati ule kulikuwa na kwaya karibu kila mtaa, na vikundi vya kaswida na dufu vilikuwepo pia. Kila kundi lilikuwa limejengana vizuri ndani yake. Kati ya kundi na kundi hakukuwa na kitu. Sisi tulijua nani hayupo kwetu; hatukujua nani hayupo kwao. Muziki unaunganisha wale wanaoimba pamoja, na hauendi hatua moja zaidi kwa nguvu zake wenyewe. Mtu lazima aamue nani aitwe kwenye benchi.

Tangu Songwe ilipomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 tumekuwa na sherehe zetu wenyewe za mkoa, na kila Mwenge unapopita Tunduma jukwaa linajaa: kwaya, ngoma za Kinyiha na Kinyamwanga, kaswida, vijana wa bongo fleva. Kila kikundi kinapanda, kinapigiwa makofi, kinashuka kwenye kivuli chake. Tumekutana jukwaani kwa dakika tano tano miaka yote hii, na mazoezini hatujakutana hata siku moja.

Kwa hiyo nimeanza kugonga milango. Mwalimu wa madrasa mmoja amekubali kuleta vijana wake wa dufu. Kikundi kimoja cha ngoma kimekubali, kwa sharti kwamba mazoezi yasiwe Ijumaa wala Jumapili, na yasifanyike kwenye jengo la dini yoyote, jambo ambalo hata mimi ningelitaka. Tumepata darasa la shule baada ya saa za masomo. Wimbo tumeuchagua pamoja, ni wa harusi, wa Kinyamwanga, na bibi wa pande zote mbili za mpaka wanaujua, kwa hiyo hakuna atakayedai kuwa ni wake peke yake. Bado tunabishana ufunguo utolewe na nani, na ngoma iingie kabla au baada ya ubeti wa pili. Kijana mmoja wa dufu ameshanunua daftari la majina.